Mvua ya Juni Huko Lubumbashi

Lubumbashi, 3 Juni 2024

Mama yangu Pélagie,

Yesu asifiwe, mama. Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, hata kama huko Kampala hunioni. Masikio yanaendeleaje? Na mguu ule uliokuwa ukivimba? Sisi huku tu wazima, tunakula, tunasali, hatuna neno.

Ni mimi mkweo Esperance ninayeandika, maana mwanao unamjua, kalamu kwake ni adhabu. Anselme anakusalimu sana. Tulitoka Butembo katikati ya Mei kama alivyokuaga, tukafika salama, na ile kazi ya lori mgodini ameipata. Nyumba yako ya Butembo tumeifunga, ufunguo uko kwa padri. Kwa hiyo usije ukapata wazo la kurudi kuiangalia. Hakuna cha kuangalia, na barabara ya Kasindi, ile ya mpakani, unaijua ilivyo.

Huku mvua ni nyingi mno. Kila alasiri inanyesha, paa linavuja juu ya kitanda, nimetega sufuria mbili. Hata sasa ninavyoandika naisikia kwenye bati, inapiga mpaka siwezi kufikiri.

Barua zetu tunazipandisha ndege mpaka Butembo, na pale Saverio, yule mfanyabiashara wa maharage, anazichukua kwenye basi la Kampala. Na za kwako mpe yeye yeye, zitatufikia. Usijibu haraka kama kazi ni nyingi.

Mkweo,
Esperance

*

Kampala, 19 Juni 2024

Binti yangu Esperance,

Amani ya Bwana iwe kwako. Barua yako nimeipata, nimeisoma, nimeibusu, kisha nikachukua kalamu nyekundu nikasahihisha makosa matatu. Unisamehe, ualimu ni ugonjwa usiopona. Miaka ishirini imepita tangu unikalie darasa la tano pale benchi la dirishani, na bado unaandika ukitazama nje.

Mimi ni mzima. Masikio ni yale yale. Hospitali ya Mulago walinichungulia, daktari akaniandikia kwenye karatasi kwamba bomu lile la sokoni lilichukua sauti na halitazirudisha. Laker, jirani yangu, mke wa askari wa kambi ya Mbuya, hunisemesha kwa midomo na mikono mpaka wapita njia wanadhani tunagombana. Kazi ni muhogo. Namenya, naloweka, naanika kwenye turubai nje ya muzigo wangu, hiki chumba kimoja nilichopanga, kisha nasagisha na kwenda kuuza unga soko la Nakawa kwa Wakongomani wenzetu. Jua la Kampala ni mwongo. Asubuhi linakuchekea, saa nane wingu linatoka ziwani unaanza kukimbia na turubai. Laker ananicheka, ati nipeleke muhogo wangu kwao Kitgum, kaskazini, huko kuanzia Desemba mpaka Machi hata mate hukauka mdomoni. Nchi ni moja, na mimi nimechagua upande wa ukungu!

Basi usishangae nikiuliza habari za jua, ndilo bosi wangu. Umesema huko mvua ni kila alasiri. Mwezi wa Juni, Lubumbashi. Haya. Nimesoma mara mbili, nimeelewa.

Sasa jambo langu. Mwambie Anselme aniandikie mstari mmoja, "Mama, mimi mzima," basi, hata asiweke nukta. Ujumbe wa simu sitaki, ule kila kidole kinaweza kuuandika. Mkono wa mwanangu naujua, nilimshika kidole mimi alipoandika herufi yake ya kwanza. Ni mwanangu mmoja tu niliyebaki naye, Esperance. Niombee kwake mstari huo.

Mama yenu,
Pélagie

*

Lubumbashi, 2 Agosti 2024

Mama yangu,

Yesu asifiwe. Usinikasirikie kwa kuchelewa, nilipata malaria, nikapona, ikarudi. Sasa natembea. Nimefurahi kusikia muhogo unauzika. Huyo Laker nisalimie, mwambie akutunze.

Mama, mstari ule hajauandika. Nilimwekea karatasi na kalamu mezani, vimekaa wiki nzima. Nitakueleza ukweli, mwanao amebadilika. Anakuja saa kumi na mbili jioni, anasimama mlangoni. Namwambia ingia. Haingii. Matope yamemfika kiunoni, mengine yako kwenye nyusi, mengine masikioni. Nimemwekea beseni la maji na sabuni hapo mlangoni, asubuhi nayakuta maji safi. Chakula napakua, hali. Namuuliza, kazi ni ngumu? Ananitazama tu. Nikienda jikoni na kurudi, ameshaondoka.

Nadhani ni uchovu wa mgodini. Wanaume wakichoka si huwa hivyo, mama? Hata baba, alipokuwa hai, alikuwa hivyo? Niambie kama alikuwa hivyo, nitatulia.

Mvua haijaacha. Njia ya mbele ya nyumba imekuwa mto mwekundu, watoto wa jirani wanavuka wakishikana mikono. Nguo hazikauki. Nyumba nzima inanuka udongo.

Tuombee.

Esperance

*

Kampala, 15 Agosti 2024

Binti yangu,

Leo ni sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa, nimetoka misani, bado nina kitenge cha kanisani. Pole kwa malaria. Chemsha majani ya mpera unywe, na usilale kwenye godoro bichi.

Umeniuliza habari za baba yake Anselme, na swali la mtu anayetaka kutulia lazima lijibiwe kwa utulivu. Mume wangu alikuwa mtu wa kelele. Aliingia nyumbani akiimba, akidai chai kabla ya kuvua viatu. Hata siku moja hakusimama mlangoni akiwa kimya. Hapana, nakosea, alisimama siku arobaini. Ni zile siku arobaini baada ya kuuawa kwenye barabara ya Kasindi, alipokuwa anakwenda kumzika mdogo wake. Ulikuwa mdogo wakati huo, pengine ulisikia.

Ndivyo ilivyokuwa kwa baba. Sisemi zaidi.

Sasa nikupe la kuchekesha. Kwenye kwaya yetu yuko mzee Aristide, mzaliwa wa Lubumbashi, mtu wa kujisifu. Nilimwambia mwanangu yuko kwenu, mvua inawasumbua. Akanishika mkono, akaniandikia kwenye daftari langu, maana hajui kusema kwa midomo kama Laker. Ameandika kwamba Lubumbashi mvua hukatika Aprili, na kuanzia Mei mpaka Septemba halidondoki hata tone. Juni na Julai ni baridi kali, mtu anakwenda sokoni na koti, moshi unatoka mdomoni. Agosti ni vumbi. Nikamcheka mbele ya watu! Nikamwambia dunia imebadilika, wewe umetoka zamani, mkwe wangu yuko huko na sufuria mbili juu ya kitanda. Alinuna.

Nilimcheka kwa sababu yako, Esperance. Mimi ndiye niliyechora ramani ile ubaoni kila mwaka kwa chaki ya kijani na ya njano. Kongo ni kubwa, niliwaambia, ikweta inatukanyaga hapa hapa Butembo, kwa hiyo sisi mvua haituachi, lakini ndugu zetu wa kusini wanafunga miezi mitano. Nilikuwa nauliza swali hilo kila mtihani.

Halafu nikupe la mwisho. Jumapili nilisinzia kwenye kiti baada ya chakula. Nikamwona Anselme amesimama pale ninapoanika muhogo, maji yanamchuruzika, turubai langu lote limejaa udongo. Nilimkaripia. Nilimwambia, mtoto wewe, unalowana wapi, kama uko mahali ambapo hakuna mvua?

Nasubiri mstari wangu.

Pélagie

*

Lubumbashi, 28 Septemba 2024

Mama,

Yesu asifiwe. Sisi wazima.

Hali ya hewa ya huku ni kama ifuatavyo. Mvua ilikatika mwezi wa nne. Mwezi wa sita na wa saba palikuwa na baridi kali, tukavaa makoti. Sasa ni joto kubwa na vumbi jekundu, miti imekauka, watu wanachoma nyasi. Mvua tunaitazamia mwishoni mwa Oktoba. Ile niliyoiandika mwanzo ilikuwa ya bahati mbaya.

Anselme anafanya kazi zamu mbili, ndiyo maana hajaandika. Anasema usirudi Butembo.

Esperance

*

Kampala, 9 Oktoba 2024

Esperance,

Nimesahihisha karatasi za watoto miaka thelathini na moja. Mtoto aliyenakili daftari la mwenzake namjua kabla sijafika mstari wa pili. Barua yako ya tatu haina kosa hata moja, na haina mtu ndani yake.

Saverio amenipa barua hii mkononi. Nilimwuliza ilifika lini Butembo kutoka kwenye ndege. Akatazama viatu vyake. Saverio ananifahamu tangu nilipokuwa na masikio, hawezi kunidanganya akinitazama usoni, ndiyo maana hakunitazama.

Sitauliza tena habari za jua. Nakuuliza jambo moja, na utanijibu kama ulivyokuwa ukijibu ukisimama kando ya benchi, mikono nyuma. Mwanangu yuko hai?

Pélagie

*

Butembo, 2 Novemba 2024

Mama,

Leo ni siku ya kuwaombea marehemu. Padri amesoma majina yote ya parokia na la Anselme limo. Nimesimama nyuma kanisani nikasema, leo ninaandika, hata kama mkono utakatika.

Mwanao amekufa, mama. Alikufa tarehe kumi na moja Mei. Nisamehe. Nisamehe, mama yangu, nisamehe.

Hatukufika Lubumbashi. Mimi sikutoka kabisa, nilikuwa nimfuate baadaye, akishapata nyumba. Alipanda lori la mizigo kwenda kusini, kiti chake cha mbele akampa mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni, yeye akakaa juu ya magunia. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne bila kupumua. Kabla ya kufika Lubero kilima kiliporomoka juu ya barabara. Wa mbele wote walitoka wazima. Yule mama alitoka mzima na mtoto wake, alikuja mpaka nyumbani kunisalimu, nikashindwa kumtazama. Anselme walimpata siku ya tatu. Nilikwenda kwa miguu kipande cha mwisho. Nilimfuta uso kwa kitenge changu, udongo haukuisha, kila nikifuta unatoka mwingine masikioni. Tulimzika hapo hapo juu ya barabara, penye mikaratusi, padri akaja kusali. Kuna msalaba wa mbao. Nimeandika jina mimi mwenyewe, kwa herufi zangu mbaya.

Kwa nini sikukuambia. Asubuhi anaondoka alinishika mabega akasema, "Likinipata jambo, mama asijue mpaka barabara itulie. Baba alikufa akienda kuzika. Mama naye atakuja, nawajua watu wa kwetu, atakuja hata kwa miguu, watamuua hapo hapo alipouawa baba." Nikamwambia acha kutaja vifo asubuhi. Akasema, apa. Nikaapa. Alikuwa anacheka, mama, alikuwa anafunga viatu na anacheka. Mimi nikabaki na kiapo.

Basi nikakaa kwenye meza yako, dirishani, nikaanza kudanganya. Somo lako la ramani nalikumbuka, ule mstari wa kijani, lakini mtu aliyezaliwa hapa na kulelewa hapa atawezaje kuamini kwamba iko Kongo isiyonyeshewa miezi mitano? Nilipofika kwenye habari za hewa nikatazama nje nikaandika nilichokiona. Nilikuwa nimechoka kutunga. Mvua ndiyo kitu pekee cha kweli katika barua ile. Ya Septemba nilimwomba mwalimu mmoja kijana anisomee kitabu cha jiografia, na wewe ukaiona mara moja.

Hapana, lipo jambo jingine la kweli. Anakuja. Lile sikulitunga. Kila jioni, saa kumi na mbili, mlangoni, vile vile nilivyokuandikia. Hanitishi, wala hanilaumu, ila haondoki moyoni wala mlangoni, na mimi sijalala kitandani tangu Mei, nalala kwenye mkeka kama mila inavyotaka. Nywele sijachana. Unajua mama, kwetu mjane hawezi kujinyoa, wala dada yake hawezi kumnyoa. Wembe anaushika mama wa marehemu, na ni yeye anayesema matanga yamekwisha, mwende kila mmoja njia yake. Nitakuomba vipi uninyoe, na hujui kwamba umefiwa? Nimekaa hivyo miezi sita. Majirani wananikwepa. Mimi mwenyewe najikwepa kwenye kioo.

Sikuombi chochote. Naogopa kuomba. Nimekunyima kumlilia mwanao, nami ningekuwa wewe nisingefungua tena barua yangu. Lakini kama umefika mpaka hapa, nataka kutoka katika nyumba hii, na siwezi kutoka nikiwa naye nyuma yangu.

Esperance

*

Kampala, 17 Novemba 2024

Mwanangu Esperance,

Nimesoma. Nilisoma nimesimama pale Nakawa, kati ya magunia, kwa sababu Saverio hakutaka kuniachia barua mpaka nikae, na mimi sikutaka kukaa. Wanasema nilipiga kelele. Mimi sikuzisikia.

Siku tatu nilikuchukia. Nakuambia wazi, sitaki kitu kifichwe tena kati yetu. Nilikuchukia kwa ajili ya kitenge kile, kwamba ni mkono wako uliomfuta uso na si wangu. Laker aliwasha moto nje ya muzigo, akakaa nami pale chini akiwa na watoto wake watatu na gwanda la mumewe mabegani. Wakongomani wa Nakawa wakaja na makaa, na sombe ya majani ya muhogo, na nyimbo ambazo niliziona midomoni mwao tu. Mwenye nyumba alikuja kulalamika kuhusu moshi, mzee Aristide akamsimamia usoni mpaka akarudi. Mvua ikatunyeshea mara mbili, hakuna aliyeondoka. Tulimlilia mwanangu vizuri.

Siku ya nne nikakumbuka dhambi yangu, na hii ndiyo sababu ya barua. Esperance, nilijua. Nilijua tangu barua yako ya kwanza, nilipofika kwenye zile sufuria mbili. Mvua Lubumbashi, tarehe tatu Juni! Mimi, niliyefundisha jambo hilo miaka thelathini na moja! Kalamu nyekundu iliniponyoka. Nikajua hamko kusini, mko Butembo, na kama mko Butembo na mnanidanganya, jambo ni moja tu. Sikuhitaji Aristide anifundishe. Aristide nilimtafuta ili aniambie nimekosea.

Na nikanyamaza. Kwa nini? Kwa sababu barua zilikuwa zinakuja. Kila Saverio aliposhuka na bahasha nilikuwa bado mama wa mtu, mwenye mwana anayechoka, anayekataa kula, anayenuna. Ulipoandika kwamba anasimama mlangoni nilimwonea wivu mlango ule. Nikakuuliza hiki na kile kwa ujanja, nikitaka ukweli, na nikiomba Mungu usiuseme. Wewe ulikuwa umefungwa na kiapo cha mtu aliyekufa. Mimi sikufungwa na kitu. Nilikuacha peke yako na maiti mlangoni miezi mitano, hujachana nywele, hulali kitandani, ili mimi nipate barua. Kati yetu wawili aliyemnyima mwenzake ni mimi, na ninakuomba unisamehe.

Sasa sikiliza, nasema kama mwalimu. Saverio anasema Jumanne magari ya Kasindi yanasindikizwa na wanajeshi. Panda gari la Jumanne, tarehe tatu Desemba, Saverio akiwemo humo humo. Ukiiogopa njia, usije. Nitasubiri mpaka itulie, hata miaka, na kila wiki nitakuandikia, na sitakulaumu. Ukija, mimi nitakuwa Mpondwe, upande wa Uganda, mwanzo wa daraja. Laker anakuja nami, anasema ana haja ya kuona mlima. Sitavuka. Mwanangu alikuapisha ili nisivuke, na neno lake la mwisho nitalitii, ingawa miguu yangu haitaki kunielewa. Kaburi litanisubiri.

Nimenunua wembe mpya na beseni. Nitakunyoa hapo hapo kando ya mto, mchana kweupe, na nitasema yale maneno kwa sauti, hata kama mimi mwenyewe siyasikii. Baada ya hapo kwa mila yetu hutakuwa tena mkwe wangu. Utakuwa mtu huru, unaweza kuolewa, unaweza kunisahau. Kwa hiyo afisa wa mpakani akikuuliza unakwenda kwa nani Kampala, usiseme kwa mama mkwe. Sema unakwenda kwa mama yako.

Jioni ya kuamkia safari Anselme atakuja. Usimfukuze, na usimwekee maji. Mwambie gari ni asubuhi, na kama anataka kukusindikiza, aje. Mwache akufuate Beni, mwache akufuate Kasindi. Mkifika darajani mgeukie, umwambie mama yake amesimama ng'ambo anamwona, na amesema inatosha, mwanangu, rudi ukalale.

Mama yako,
Pélagie